Mtoto Asitafute Ada Duarani

Tarehe 17 Machi, 2020, Serikali ilitangaza kuzifunga shule za awali, za msingi na za sekondari kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Wanafunzi wa kidato cha sita walirejea tarehe 1 Juni, na wenzao tarehe 29 Juni. Kwa zaidi ya siku mia moja madarasa yalikuwa matupu. Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Geita na Nyarugusu hadi Kahama, shule ilifungwa, lakini duara la wachimbaji wadogo halikufungwa. Tena mwezi Agosti mwaka ule ule bei ya wakia moja ya dhahabu ilipita dola 2,000 za Marekani kwa mara ya kwanza. Oktoba 2025 ilipita dola 4,000. Kila bei inapopanda, mwito wa duara huzidi nguvu masikioni mwa mtoto ambaye kwao hakuna kitu.

Tunayakumbusha hayo kwa sababu yalidhihirisha jambo ambalo lingalipo hadi leo. Shule haimpi mtoto kusoma na kuandika tu. Humpa pia kengele ya asubuhi, zamu ya bustani, mwenzake wa kitanda cha pili, na mwalimu anayeuliza: "Jana ulikuwa wapi?" Mtoto anayeulizwa hivyo anajua kwamba yupo, na kwamba kuna watu wanaomtazamia. Hilo ndilo humpa moyo wakati wa dhiki, na likiondoka moyo nao huondoka.

Shule za Kanisa Katoliki zinasifiwa kwa malezi ya namna hiyo, na sifa hiyo si ya bure. Huko Didia, mkoani Shinyanga, wako Wasalesiani, wafuasi wa Don Bosco, padri wa Turin aliyeanza kazi yake kati ya vijana wa mjini mwaka 1841. Wengi wa vijana wale walikuwa vibarua, wajenzi na wasafisha mabomba ya moshi, waliotoka vijijini kutafuta fedha mjini, na baadhi yao aliwakuta gerezani. Don Bosco aliona kwamba kumwadhibu kijana baada ya kuharibika ni kuchelewa. Akafundisha kwamba mlezi akae kati ya vijana, hata wakati wa michezo, amzuie kijana asianguke, kwa kumweleza sababu, kwa dini na kwa upendo. Laiti angalifika Nyarugusu leo, angaliwatambua watoto wale mara moja.

Lakini sifa ina deni lake. Shule za Kanisa huendeshwa kwa ada, na elimu bila ada iliyoanza kufika sekondari mwaka 2016 ni ya shule za Serikali. Mvua zikikosekana na pamba isipoleta kitu, mzazi hukwama. Ndipo mwanafunzi huitwa ofisini, akapewa barua, akaambiwa aende nyumbani kufuata ada. Mahali pengine mtoto huyo huketi na baba yake wakashauriana. Katika ukanda wetu huipitisha barua nyumbani, kisha huenda duarani kuitafuta ada yeye mwenyewe. Huko hubeba viroba vya mawe, huponda, na hushika kwa mikono mitupu zebaki inayodhuru ubongo na mishipa ya fahamu. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilichapisha taarifa juu ya watoto katika machimbo madogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya, na lilieleza hatari hizo hizo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanya kazi za migodini. Basi barua ya shule haifai kuwa ndiyo inayompeleka huko.

Ndugu zetu wa Ukerewe, Kome na Maisome wasidhani kwamba shauri hili ni la bara peke yake. Mwalo wa dagaa nao hufanya kazi ya duara. Mtoto aliyerudishwa kisiwani kwa ajili ya ada huonja fedha ya usiku mmoja ziwani, na kumrudisha darasani baada ya hapo ni kazi ngumu.

Hatuwalaumu wakuu wa shule bila kuwasikiliza. Mwalimu hawezi kulipwa kwa sala, wala mpishi kununua mahindi kwa huruma. Ndiyo sababu mzigo huu lazima ugawanywe. Shule zipokee ada kidogo kidogo, na pale inapowezekana zipokee mahindi, mpunga, maharage au kuni kwa thamani ya soko. Barua ya ada apelekewe mzazi, na mtoto abaki darasani. Mwalimu wa malezi na ushauri apunguziwe vipindi, ili apate saa ya kukaa na watoto wenye mashaka.

Kwa upande wa Serikali, njia ipo. Tangu mabadiliko ya sheria ya madini ya mwaka 2017, makampuni ya migodi hutakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Fedha hizo hujenga madarasa na zahanati, nasi tunashukuru. Lakini darasa jipya halimsaidii mtoto aliyeko shimoni. Halmashauri za ukanda huu zitenge sehemu ya mpango huo kuwalipia ada watoto wa wazazi waliokwama, bila kuuliza kama shule ni ya Serikali au ya Kanisa, kwani mtoto ni wa taifa. Watendaji wa kata nao wapewe kila wiki majina ya wanafunzi wasioonekana, na wawafuate kabla wiki haijaisha.

Kumwambia mtoto kwamba maisha yake yana maana, kisha kumfungia lango kwa sababu ya ada, ni kulibomoa kwa mkono mmoja lile tulilolijenga kwa mwingine. Dhahabu iliyobaki ardhini itangoja, lakini utoto haungoji. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.