Jina la Ukoo si Mwanzo wa Nasaba

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Aghalabu methali hii hutumiwa kumsuta Mwafrika mwenye jina la ukoo la kigeni. Hata hivyo, historia ya pwani ya Kenya inaonyesha kuwa mtumwa wa karne ya 19 hakuiacha asili yake, aliporwa. Kumsuta mjukuu wake kwa jina alilorithi ni kumwadhibu aliyeibiwa na kumwacha mwizi.

Mfano hai hushinda maelezo. Matthew Wellington, aliyefariki Mombasa mwaka wa 1935, alizaliwa miongoni mwa Wayao akaitwa Chengwimbe. Alitekwa angali mtoto, akauzwa, kisha akaokolewa baharini na manowari ya Waingereza na kupelekwa India. Huko alilelewa katika kituo cha wamisheni karibu na Nashik, akawa na jina jipya. Mwaka wa 1872 alipelekwa pamoja na vijana wenzake kujiunga na David Livingstone, na Livingstone alipofariki mwaka wa 1873, alikuwa miongoni mwa walioubeba mwili wake hadi pwani. Baadaye alihusiana na Frere Town, makao ya watumwa walioachiliwa huru yaliyoanzishwa mkabala na kisiwa cha Mombasa katika miaka ya 1870.

Iwapo mtafiti angelifuata jina Wellington katika vitabu vya majina ya Kiingereza, angeishia katika mji mdogo wa Somerset, Uingereza, ambao ndio asili ya cheo cha jemadari aliyeshinda vita vya Waterloo mwaka wa 1815. Kila hatua ya utafiti huo ingekuwa sahihi, na hitimisho lake lingekuwa uongo mtupu.

Lakini akiligeukia jina Chengwimbe, mlango hufunguka. Katika Kiyao, “che” hutangulizwa kwenye jina la mtu kama alama ya heshima. Mwanafunzi wa isimu ya lugha za Kibantu atakuwa na sababu ya kuuliza: je, silabi hiyo ya kwanza ni sehemu ya jina, au ni adabu ya nyumbani iliyovuka bahari pamoja na mtoto? Swali hilo haliwezi kuulizwa na anayejua Kiingereza pekee.

Si wote waliopoteza jina la awali. James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1934 na kinachotajwa miongoni mwa kazi za mwanzo za nathari ya Kiswahili, alibeba jina la baba yake aliyekuwa mtumwa. Kitabu hicho husomwa kwa kawaida kama hatua katika maendeleo ya riwaya. Ni haki kisomwe pia kama kumbukumbu ya ukoo, kwani jina lililo jaladani ni ushahidi sawa na masimulizi yaliyomo ndani.

Wapo watakaodai kuwa daftari la ubatizo linatosha. Daftari lina thamani, ila liliandikwa na mtoa jina, si mpewa jina. Humwanzisha mtu katikati ya maisha yake, kana kwamba hakuwa na mama aliyemwita kabla ya hapo.

Ndipo wajibu wa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili unapojitokeza. Wazee wa koo hizi waulizwe babu aliitwaje nyumbani, nani alimpa jina lililoandikwa, na ni jina gani walilorithishwa watoto. Majibu yanakiliwe kwa matamshi ya msemaji, bila kusanifishwa. Tasnifu za namna hii zistahiki nafasi sawa na uhakiki wa riwaya na tamthilia, kwani mzee mmoja akizikwa, huenda jina lililofichwa kwa vizazi vitatu likazikwa naye.

Mwacha asili ni mtumwa, naam. Ila aliyenyang'anywa asili akaitafuta, huyo ni muungwana.