Pamba yetu, lebo yao, mitumba yetu tena

Leo naomba tuzungumzie nguo. Najua wapo watakaosema nchi zetu zina matatizo ya katiba, umeme na ajira, halafu huyu anatuletea habari za fulana. Naomba mnivumilie. Ukiifuata fulana moja kutoka shambani mpaka sokoni Karume, utakutana na siasa nzito kuliko zilizomo kwenye hotuba nyingi tunazobishania.

Hapa Uingereza siku hizi ukiingia maduka ya nguo ya katikati ya jiji la Birmingham, utakuta sehemu imetengwa kwa nguo zinazosifiwa kwamba hazikumdhulumu mtu wala kuharibu ardhi. Lebo zake ni za kijani. Moja inasema pamba hai, yaani iliyolimwa bila mbolea wala dawa za viwandani. Nyingine inasema poliesta iliyotokana na chupa za plastiki zilizotumika. Kwenye maduka ya vifaa vya kupandia milima utaambiwa koti hili linazuia mvua bila zile kemikali zinazokaa ardhini na majini miaka nenda rudi. Na bei ndiyo hiyo: fulana pauni 25, koti pauni 200 na ushee.

Siwabezi wanaouliza nguo zimetoka wapi. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza lilianguka Bangladesh, wakafa watu zaidi ya 1,100, wengi wao wakiwa mafundi wanaoshona nguo za maduka ya Ulaya na Marekani. Hapa Aston majirani zetu wengi wana asili ya Bangladesh, na kwao msiba ule haukuwa habari ya mbali. Mwaka 2020, wakati wa Korona, ikawa zamu ya Leicester, mwendo wa saa moja tu kutoka hapa, ambako ilibainika kuwa kuna mafundi wanaolipwa chini ya kima cha chini cha mshahara. Sheria ya Utumwa Mamboleo ya 2015 inazitaka kampuni zenye mauzo ya pauni milioni 36 au zaidi kwa mwaka zieleze kila mwaka zimefanya nini kuhakikisha hakuna utumwa kwenye biashara yao. Marekani nayo, tangu Juni 2022, inazuia bidhaa za Xinjiang huko China, pamba ikiwamo, mpaka mwagizaji athibitishe kwamba hakuna aliyelazimishwa kuifanya kazi ile.

Kwa hiyo swali la "nani ameumizwa?" ni la haki kabisa. Tatizo langu ni kwamba linaishia njiani. Lebo haiulizi swali la pili: nani amebaki na faida? Na hilo la pili ndilo swali letu.

Twende Meatu, mkoani Simiyu. Mwaka 1994 ulianza huko mradi wa bioRe, wa kampuni ya Uswisi iitwayo Remei, wa kununua pamba hai kwa wakulima wadogo. Mkulima anaacha dawa za viwandani, anabadilisha mazao shambani, na analipwa nyongeza juu ya bei ya soko. Nguo za pamba hiyo zimeuzwa kwenye maduka ya Coop huko Uswisi. Sina sababu ya kuukebehi mradi huu. Aliyewahi kumwona mtu akipuliza dawa ya pamba bila glovu wala kitambaa puani anajua kwamba faida ya kwanza ya kilimo hai ni afya ya mkulima na watoto wake.

Lakini tupige hesabu ya kawaida. Kilo moja ya pamba iliyokwisha kuchambuliwa imekuwa ikizunguka dola 2 kwenye soko la dunia, ukiacha miaka ya kupanda ghafla kama 2011 na 2022. Kilo hiyo inatoa fulana nne hivi. Fulana nne za lebo ya kijani hapa Birmingham ni pauni 100. Hata ukiongeza asilimia 15 kwa sababu ni pamba hai, umeongeza senti 30 za dola. Pesa iliyobaki inagawanywa kwa msokota nyuzi, mfumaji, mtia rangi, mshonaji, msafirishaji, mwenye duka na mtoza kodi. Sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania inauzwa nje ikiwa ghafi, maana yake karibu kila mmoja katika orodha hiyo yuko nchi ya watu. Haki gani hiyo inayompa mkulima senti 30 na kumnyima mwanawe kazi ya kiwandani?

Hili halikutokea kwa bahati mbaya. Wajerumani walipowalazimisha watu kulima pamba, Wamatumbi waliing'oa, na Vita vya Maji Maji vikaanza Julai 1905. Upande wa Waingereza, chama cha kukuza pamba kwenye makoloni kilianzishwa Manchester mwaka 1902, na mwaka uliofuata mbegu zikaingizwa Uganda. Lengo halikufichwa: pamba ghafi iende Lancashire, na kitambaa kirudi tukinunue.

Wazee wetu waliliona hilo mapema. Mwaka 1955 Paul Bomani na wenzake waliunganisha vyama vya wakulima wa Kanda ya Ziwa, wakaunda Victoria Federation, na wakafika hatua ya kumiliki vinu vya kuchambua pamba. Baada ya uhuru zikaja Urafiki ya Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968, Mwatex ya Mwanza na Mutex ya Musoma. Wenzetu wa Uganda walikuwa na Nytil pale Jinja tangu 1954. Kenya ikajenga Rivatex pale Eldoret miaka ya 1970.

Tumezoea kusema mitumba ndiyo iliyoviua viwanda hivi. Tusidanganyane. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viwanda vya Tanzania vilikuwa vinachechemea tayari. Fedha za kigeni za kununulia vipuri hazikuwepo, umeme na maji vilikuwa vya shida, na mameneja walikuwa wa kuteuliwa. Wa rika langu wanazikumbuka foleni za kanga. Bajeti ya 1984/85 iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, "kafa Ulaya", kama tulivyoiita enzi hizo, ilimkuta mgonjwa kitandani. Haikumwambukiza ugonjwa, ila ilimnyima nafasi ya kupona.

Sasa tuje hapa Aston, maana mwisho wa safari ya fulana uko mlangoni kwetu. Ukikaa Witton Road au Victoria Road, haupiti muda mrefu kabla hujasukumiziwa mlangoni mfuko mtupu wa plastiki, unaombwa uujaze nguo kwa ajili ya hisani. Watu wanajaza kwa moyo safi, wakidhani zinakwenda kumvika maskini bure. Maduka ya hisani huuza hapa hapa sehemu ya nguo hizo, na zinazobaki huuzwa kwa kilo kwa wafanyabiashara. Niliwahi kufanya kazi kwenye ghala moja la kuchambua nguo hizo. Nguo bora kabisa, tuliyoiita krimu, iliwekwa pembeni. Nyingine zikapangwa kwa madaraja. Nyepesi za nchi za joto zilifungwa marobota ya kilo 45 na kuelekezwa Afrika. Zilizochanika zilikatwa matambara ya kufutia mashine.

Siku moja ilinijia: nyumbani tunachambua pamba, huku tunachambua nguo. Tumeachiwa kazi ya mwanzo na kazi ya mwisho. Zile za katikati, zenye ufundi na ujira, ziko kwingine.

Na katika miaka ile nilishuhudia ubora ukishuka. Mashati ya pamba yenye kola ngumu yalizidi kupungua, yakaja magunia ya nguo za bei chee, mchanganyiko wa poliesta, pamba kidogo na uzi wa kuvutika, zilizovaliwa mara tatu zikatupwa. Nguo za mchanganyiko ule ni shida kuzisokota upya ziwe uzi, na zikifika dampo haziozi. Hata jezi za Villa zilizotupwa msimu ukiisha ni plastiki tupu. Mama anayefungua robota Karume au Gikomba akakuta nusu haiuziki, hasara ni yake na taka ni za mji wake. Lakini kwenye vitabu vya huku nguo zile zimeshahesabiwa kuwa "zimetumika tena", na mtu analala usingizi mzuri.

Au tazameni mlima wetu. Kila mwaka watu wa miji kama hii wanapanda Kilimanjaro, wengi wakichangisha fedha za hisani, wamevaa makoti ya lebo ya kijani. Mpagazi anayewabebea mizigo, wenyewe wanawaita wagumu, mara nyingi anapanda na alichookota kwenye mitumba ya Memorial pale Moshi. Tangu 2003 mradi wa kusaidia wapagazi, KPAP, umekuwa ukiwaazima nguo za baridi bila malipo, na unastahili pongezi. Lakini angalieni upungufu wa lebo: inamhakikishia mpandaji kwamba koti lake halikuchafua mto wowote, ila haina habari na mtu anayetetemeka kwenye hema la jirani.

Viongozi wetu walijaribu kuchukua hatua. Machi 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliafikiana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ndani ya miaka mitatu. Mwaka uliofuata chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kikalalamika kwa serikali yao, tukatishiwa kunyang'anywa nafasi ya kuuza kule bila ushuru chini ya AGOA. Kenya, ambayo viwanda vyake vya kushona vilitegemea soko lile, ikajitoa mapema. Tanzania na Uganda zikalegeza. Rwanda ikakataa, na tarehe 30 Julai 2018 ikasimamishiwa nafasi hiyo kwa upande wa nguo. Agosti 2023 Rais Museveni akatangaza marufuku nyingine, akisema ni nguo za Wazungu waliokufa, na Owino mitumba ikaendelea kuuzwa.

Mimi siungi mkono marufuku, na nasema hivyo nikiwa nimekwisha kuyaona marobota yale kwa ndani. Ukimfungia leo mama wa Ilala, kesho wateja wake hawatanunua kitambaa cha Mwanza ambacho hakipo dukani. Watanunua fulana mpya ya poliesta kutoka nje, ya bei ndogo na maisha mafupi. Tutakuwa tumebadilisha shati kuukuu la pamba kwa plastiki mpya, na mkulima wa Meatu hatapata hata senti. Marufuku bila kiwanda ni zawadi kwa mwagizaji mwingine.

Pendekezo langu ni kuanza na mteja anayenunua nguo nyingi kuliko wote, naye ni serikali. Sare za jeshi, polisi na magereza, nguo za manesi, mashuka ya hospitali: hivi vyote hununuliwa kwa kodi yetu kila mwaka. Vifumwe kwa nyuzi za pamba ya nyumbani, kwa mikataba ya miaka mitano au kumi, ili mwenye kiwanda aende benki akiwa na kitu mkononi. Hii si ndoto. A to Z ya Arusha ilianza kutengeneza vyandarua vya Olyset mwaka 2003, na kwa kuwa wanunuzi wa vyandarua vya malaria walikuwa wa uhakika, ikaajiri maelfu ya watu. Chandarua kile ni plastiki, si pamba, lakini somo ni lile lile: oda ya uhakika hujenga kiwanda kuliko hotuba ya viwanda.

Najua jibu litakalokuja: tenda hizo zitaliwa. Huenda. Ndiyo maana nasema kila mwaka itangazwe serikali imenunua mita ngapi za kitambaa, kwa bei gani, kwa nani, na ngapi kati ya hizo ni za uzi wa ndani. Tanzania ilikuwa na Mkakati wa Pamba hadi Mavazi wa 2016 hadi 2020. Muda wake umepita. Wabunge wa mikoa ya pamba waulizwe na wapiga kura wao, kwa majina: katika mkakati ule, kipi kilifanyika?

Na sisi wa huku tusijifanye watazamaji. Kila harusi na kila arobaini tunashona sare, tunaagiza vitenge bila kusoma maandishi ya pembeni yanayosema kimefumwa wapi. Tuanze kusoma, na kamati zetu ziagize vya nyumbani pale vinapopatikana, hata ikibidi kuagiza miezi mitatu kabla. Tukifunga mapipa ya kutuma nyumbani, tusitie nguo ambayo tungeona haya kumwona ndugu yetu ameivaa mbele ya wageni. Na tukiwa madukani, tumuulize muuzaji maswali yote mawili. Hata asipojua jibu, swali likirudiwa na wengi litafika ofisini.

Mkulima wa Meatu haombi kuhurumiwa na lebo. Anachohitaji ni kinu cha nyuzi kilicho karibu naye kuliko bandari. Mwenye hoja tofauti aje nayo, hasa nyinyi mnaolima pamba na nyinyi mnaofungua marobota, maana mnayajua haya kuliko mimi.

Naomba kuwasilisha.