USTADH, HII GEMU YA KUTAFUTA VITU NI HARAMU?



Ndugu zangu katika imani, juzi baada ya darsa la Ijumaa dada mmoja aliniandikia inboksi. Ujumbe wake mfupi tu: "Ustadh, kuna gemu naipenda kwenye simu. Unaletewa picha ya chumba kimejaa vitu, chini kuna orodha, unavitafuta. Mume wangu anasema ni haramu, ina mizimu na nyumba za wachawi. Nifanyeje?"

Nilicheka peke yangu. Si kwa kumdharau, hasha. Nilicheka kwa sababu dada hakujua kamuuliza nani. Gemu hizi nimeanza kuzicheza 2009. Mke wangu anajua, wanafunzi wangu wa madrasa walikuwa hawajui. Leo mmejua wote, basi.

Niseme mapema: mimi si mufti na hii si fatwa. Mwenye kutaka fatwa awafuate wenye elimu yake. Hapa naongea kama mtu aliyekaa mbele ya vyumba hivyo vya fujo usiku mwingi, akavipenda, na vikamfanyia jambo moja ambalo nitalieleza huko mbele.

Kwa asiyezijua: fikiria stoo ya bibi ambayo haijaguswa miaka ishirini. Majamanda, chemli, pasi ya mkaa, kofia, mdoli aliyekatika mkono. Unaambiwa tafuta ufunguo, unyoya, mkasi, saa. Ufunguo umechorwa rangi ileile ya ubao wa mlango, na unyoya umelala juu ya zulia lenye maua. Ukikwama kuna kitufe cha dokezo, lakini kinajaa polepole ili usikitegemee. Ukigonga ovyo huku na huku, gemu inakuadhibu. Katika vile ulivyopata, kimoja unaondoka nacho. Labda ni mpini wa nyundo. Huo mpini utakufungulia kitu chumba cha tatu, ndani utakuta barua, barua itakupeleka kisimani. Hapo ndipo kutafuta vitu kunapogeuka safari, na hadithi inaanza kukuvuta.

Mimi nilivutwa kwenye duka la kutengeneza kompyuta hapa Tanga nilipokuwa kijana. Kazi yetu ilikuwa kusafisha virusi, na kwenye mashine moja nikaikuta Return to Ravenhearst, ya mwaka 2008, katika mfululizo wa Mystery Case Files wa kampuni ya Big Fish Games ya Seattle. Mfululizo huo ulianza 2005 na Huntsville, ambayo ilikuwa kutafuta tu, picha baada ya picha, muda unakukimbiza. Miaka mitatu baadaye walikuwa wamejenga nyumba nzima unayotembea ndani yake, milango yake ina mafumbo ya ajabu ya gia na mipira na kengele. Nilikaa hadi mwenye duka akanizimia taa.

(Niliinakili kwenye flashi nikaenda nayo nyumbani. Ilikuwa bidhaa ya watu, na sikulipa. Niliwahi kuwafundisha vijana haki za watu nikakumbuka flashi ile, nikanyamaza kidogo. Miaka ya baadaye nilizinunua zile nilizowahi kunakili, moja moja.)

Na Kiingereza changu, wallahi, nusu yake kimetoka humo. Orodha inasema "bow". Unatafuta upinde dakika kumi, kumbe wanataka utepe uliofungwa kwenye nywele za mdoli. "Bat" ni popo au ni gongo la kuchezea? "Nail" ni msumari au ni ukucha? Nimewaza mara nyingi: ingekuwaje kama gemu hii ingetungwa kwa Kiswahili, na orodha ikasema "mbuzi"? Nusu ya wachezaji wangetafuta mnyama uani, na mbuzi mwenyewe yuko jikoni, pembeni ya kifuu cha nazi, anasubiri kukunia.

Sasa tuje kwa shemeji yetu na mizimu yake.

Ana hoja, simpuuzi. Gemu hizi zimejaa majumba yenye laana, watabiri na vioo vinavyoongea. Madame Fate, ya 2007, imejengwa juu ya mpiga ramli wa kwenye maonyesho. Hiyo watoto wangu siwapi, maana sitaki waone kwenda kwa kahini ni mchezo. Ingawa ukiitazama vizuri inachekesha: mama huyo ametabiri kwamba atakufa usiku wa manane, halafu anakuita wewe umsaidie kumjua muuaji. Kahini anahitaji mpelelezi! Kama kuna somo humo ni dhidi ya makahini.

Lakini nyingi ukizivua shuka la mzimu, chini unakuta dhambi za binadamu tunazozijua. Ravenhearst yenyewe ni habari ya mwanamke, Emma, aliyemkataa mwanamume, Charles Dalimar, na mwanamume yule hakukubali kukataliwa. Akamfunga maisha. Kwa maoni yangu mzimu humo ni pambo, na kinachotisha ni yule bwana asiyeelewa neno "hapana". Mtu mzima mwenye akida iliyokaa sawa hatetereki kwa jumba la kuchorwa. Mtoto mdogo, angalia, usimwache peke yake nalo.

Kwa hiyo shemeji ameangalia mahali ambapo mimi huanza kuangalia, kisha naendelea mbele. Aya ya 90 ya Suratul Maida imetaja mishale ya kupigia ramli, ndiyo. Lakini aya hiyohiyo imetaja na kamari. Shemeji ameona ramli kwenye picha, akapitwa na kamari iliyokuwa kwenye kitufe cha pembeni.

Twende taratibu hapa, ndiyo maana nimeandika.

Zile gemu za zamani zilikuwa na mwisho. Unacheza saa nne, tano, labda nane kama wewe ni mgumu wa mafumbo, siri inafichuka, majina ya waliotengeneza yanapita, kwisha. Unasimama. Na biashara yake ilikuwa safi kuliko biashara nyingi tunazofanya sokoni: unaichukua, unacheza lisaa limoja bure, ukiipenda unalipa, usipoipenda unaiacha. Wenye kusoma fikihi ya mauzo wataona uzuri wake. Bidhaa umeiona, bei unaijua, khiyari unayo. Kulikuwa na toleo la bei kubwa lenye sura ya ziada, na mimi hilo sikulipenda, kwa sababu mara nyingine sura ya ziada ndiyo iliyokuwa mwisho wa kweli wa hadithi. Lakini hata huo ubahili wao ulikuwa na bei iliyoandikwa mlangoni.

Hizi za bure za kwenye simu ni kitu kingine, japo picha zinafanana. Chukua June's Journey, ya kampuni ya Wooga ya Berlin, iliyotoka 2017. Nikisema picha zake si nzuri nitakuwa mwongo. Miaka ya 1920, magauni, boti, maua, kila chumba ungependa kukaa. Lakini kila ukiingia kwenye picha unalipa nishati, na nishati inajaa kwa kusubiri au kwa pesa. Chumba ulichokimaliza unarudishwa tena na tena ukusanye nyota. Ukizikusanya, sura inayofuata bado imefungwa mpaka upambe kisiwa chako kwa majengo na maua. Na hadithi haiishi, maana ikiisha utasimama, na ukisimama hawauzi.

Katika gemu za aina hii kuna na masanduku. Unalipa, sanduku linafunguka, na hukujua ndani kuna nini mpaka limefunguka. Jina la hicho kitu mnalijua, tulilisoma kwenye kitabu cha mauzo: gharar. Na pale ambapo pesa yako halisi inategemea bahati, ndugu zangu, tumeshatoka kwenye mchezo wa kutafuta vitu.

Mtasema ustadh unakuza mambo. Haya, tazameni ni nani walionunua kampuni hizi. Big Fish ilinunuliwa 2014 kwa bei iliyotajwa kufika dola milioni 885. Mnunuzi alikuwa Churchill Downs, wenye uwanja wa mbio za farasi za Kentucky Derby, watu ambao biashara yao ni kuwekea farasi dau. Mwanzoni mwa 2018 wakaiuza kwa dola milioni 990 kwa Aristocrat ya Australia, watengenezaji wa mashine za kamari za kwenye kasino. Mwaka huohuo wa 2018 Wooga ilinunuliwa na Playtika, ambao jina lao limejengwa na Slotomania, yaani mashine ya sloti ndani ya simu.

Sisemi kwamba kila gemu yao imekuwa kamari, tusizushiane. Big Fish walikuwa na gemu nyingine kabisa ya kasino, na ni hiyo iliyowapeleka mahakamani. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya shirikisho huko Marekani ilisema kwamba zile chipu za kuchezea, ambazo huwezi hata kuzigeuza kuwa pesa, ni kitu chenye thamani kwa sheria ya kamari ya jimbo la Washington, kwa sababu zikikuishia huchezi tena mpaka ununue. Mwaka 2020 kesi hiyo iliishia kwenye suluhu ya dola milioni 155. Ninachosema ni kimoja: wenye kasino walipotafuta cha kununua, walikuja kununua huku. Mfanyabiashara wa aina hiyo hanunui mchezo kwa sababu anapenda picha za stoo ya bibi. Ananunua macho yaliyozoea kukaa.

Na mimi macho yangu yalikaa. Nisingeandika haya yote kama yasingenipata.

Ramadhani ya 2021, kumi la mwisho. Nilikuwa na gemu moja ya aina hii kwenye simu, sitaitaja. Waliweka mashindano ya siku chache, ukimaliza picha kadhaa kabla ya saa kwisha unapata jumba fulani la mapambo. Baada ya tarawehe nikasema nimalize moja tu, nipumzike, niamke kwa tahajudi. Nishati ikaisha. Nikanunua, kwa kadi. Ikaisha. Nikanunua. Nilinunua mara tatu usiku ule, jumla shilingi 27,000. Jumba nililipata. Niliposikia adhana nilidhani simu imekosea, kumbe ni Alfajiri. Sikula daku, sikusimama rakaa hata mbili.

Kilichonichoma zaidi ni hiki. Usiku uleule, ndoo ya sadaka ya mayatima ilipita mbele yangu msikitini. Niliweka shilingi 2,000, na niliona nimetoa.

Niliifuta gemu ile asubuhi hiyo. Jumba langu la mapambo limekwenda nalo, sijui hata lilikuwa la rangi gani.

Kwa hiyo dada yangu, jibu langu kwako ni swali. Hiyo gemu yako ina mwisho? Ukiimaliza leo itakuruhusu uinuke? Pesa yako ikitoka, unajua inanunua nini? Kama ndiyo, na swala zako ziko kwa wakati, na nyumba haijaharibika, basi kaa na mumeo muitafute pamoja, macho manne ni bora kuliko mawili. Simu yenyewe haina kosa. Zipo za simu ambazo sehemu ya kwanza ni bure, ukiipenda unalipa mara moja, inafunguka yote, hakuna anayekuomba tena senti.

Na shemeji, nakusalimia. Una haki ya kuilinda nyumba yako. Ila nawajua wanaume humu, nawataja bila majina, wanaomkataza mke mzimu wa kuchorwa na mfukoni wana mkeka wa mechi sita. Kama wewe si mmoja wao, nisamehe. Kama ni mmoja wao, tukutane inboksi.

Nyumbani kwangu sasa zimebaki zile zenye mwisho. Binti yangu wa miaka kumi na tatu amemaliza mfululizo wa Enigmatis, wa kampuni ya Artifex Mundi ya Poland, ulioanza 2011 na kisa cha binti aliyepotea katika mji mdogo wa Maple Creek. Naupenda kwa ule ubao wa ushahidi. Ukishapata vitu havikutoshi, lazima uvipange, useme kipi kinathibitisha kipi. Nimemwona akibishana na ubao ule kwa adabu ambayo hanipi mimi nikimfundisha nahau. Tatizo pekee ni kwamba adui mkubwa wa mfululizo mzima ni mhubiri. Alipofika hapo aligeuka akaniangalia muda mrefu, hakusema kitu.

Jana alifunga kompyuta akasema, "Baba, imeisha." Nikamuuliza imeishaje, akanisimulia mpaka chai ikapoa.

Dada, majina ya zile ninazozipendekeza nimeshakutumia. Adhana ya Ishaa hiyo inaita, nawaacha hapa. Allahu A'lam.