Kinachoangusha miungano ya vita vya angani si mizinga

KATIKA vita vya mchezo wa kompyuta wa EVE Online, hakuna damu inayomwagika. Hata hivyo, historia yake ya zaidi ya miaka 20 inadhihirisha kwamba miungano mikubwa huangushwa na yale yale yaangushayo miungano ya kweli: usaliti, uzembe na urafiki usio na msingi.

Mchezo huo ulizinduliwa Mei 2003 na kampuni ya CCP ya Iceland. Maelfu ya wachezaji kutoka mataifa mbalimbali hukutana katika ulimwengu mmoja wa nyota. Huko huchimba madini, hufanya biashara na kupigania mipaka. Manowari ikiharibiwa hairudi, na mwenyewe hulazimika kuunda au kununua nyingine. Hapo ndipo ulipo uchungu wa kushindwa.

Mbinu ya mapigano si ngumu kueleweka. Kamanda mmoja hutaja shabaha, na mamia ya manowari huifyatulia kwa pamoja kabla ya vyombo vya ukarabati vya adui kuiokoa. Kwa hivyo, wingi na nidhamu hushinda ushujaa wa mtu mmoja. Hiyo ndiyo sababu wachezaji huungana.

Lakini kadiri muungano unavyopanuka, ndivyo milango ya adui inavyoongezeka. Mnamo Februari 2009, muungano wa Band of Brothers, uliotawala eneo la Delve, ulivunjwa bila risasi kufyatuliwa. Mmoja wa wakuu wake alihamia kwa mahasimu wao, Goonswarm, na kutumia mamlaka aliyokabidhiwa kuufuta kabisa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ajabu ni kwamba washindi hawakujifunza. Goonswarm waliitwaa Delve, kisha mapema mwaka wa 2010 wakaipoteza baada ya ada za umiliki wa maeneo yao kukosa kulipwa.

Kosa kama hilo lilizua vita vikubwa katika mfumo wa nyota wa B-R5RB, Januari 27 na 28, 2014. Malipo ya umiliki hayakupita, na ngome ya muungano wa N3 na Pandemic Legion ikabaki wazi. Goonswarm na washirika wao kutoka Urusi wakavamia. Wachezaji zaidi ya 7,500 walishiriki kwa muda wa saa 21. Manowari 75 aina ya Titan, ambazo ndizo kubwa zaidi, ziliteketea, na hasara ikakadiriwa kuwa takriban dola 300,000 za Marekani.

Vita vilivyoanza Julai 2020 vilitoa funzo jingine. Miungano mingi ilijumuika chini ya jina la PAPI kwa nia ya kuwaangamiza Goonswarm na wenzao wa The Imperium. Mwishoni mwa Desemba mwaka huo, katika mfumo wa M2-XFE, Titan zaidi ya 250 ziliharibiwa katika pambano moja.

PAPI walikuwa wengi zaidi, na waliwasukuma wapinzani wao hadi kwenye ngome yao ya mwisho huko Delve. Hata hivyo, The Imperium walikuwa wakitetea makao yao, ilhali wavamizi waliunganishwa na chuki dhidi ya adui mmoja tu. Mzingiro ulipodumu kwa miezi, ari ya wavamizi ilififia. Kufikia Agosti 2021 walikuwa wameanza kuondoka.

Ni wazi basi kwamba Titan peke yake haimpi mtu ushindi. Anayedumu ni yule anayelipa ada kwa wakati, anayechunga funguo za hazina yake, na ambaye washirika wake wana sababu ya kubaki naye hata adui akishaondoka. Muungano uliokosa hayo huwa umeanza kushindwa kabla ya vita kuanza.