Picha Si Kitu

Siku hizi, kila wanafunzi wa vyuo vikuu wakutanapo kujadili historia ya sanaa, neno moja halikosi kusikika: kwamba picha za vitu vya kale zimo katika intaneti, na kwa hiyo mlango wa makumbusho u wazi kwa watu wote. Neno hili ni tamu, lakini ndani ya utamu wake mna hadaa. Kuonyeshwa mali si kurudishiwa mali.

Tutazame mfano wa karibu. Kando ya Mto Tana, mto uupitao mji wa Garissa, huishi Wapokomo. Hao walikuwa na ngoma kuu iitwayo Ngadji. Mwaka 1902 maofisa wa Kiingereza waliichukua, na baadaye ikatiwa katika ghala la British Museum, London. Picha yake yaweza kufika katika kila simu nchini Kenya. Je, picha hiyo italia? Itawakusanya watu? Ngoma isiyolia ni gogo, na picha ya ngoma ni pungufu ya gogo.

Watatokea wa kutujibu kwamba picha ni afadhali kuliko giza. Hilo hatulikani. Mradi wa International Inventories Programme, uliowaunganisha Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, wasanii, na makumbusho ya Köln na Frankfurt, uliorodhesha vitu vya Kenya zaidi ya 32,000 vilivyoko ng'ambo, na mwaka 2021 ukafanya maonyesho Nairobi. Orodha hiyo ni silaha njema, kwani mtu hawezi kudai asichokijua. Lakini orodha ni mwanzo wa madai. Aifanyaye kuwa mwisho huwalipa wenye mali kwa kivuli.

Liko dhara la pili. Picha hufuatana na maneno, na mara nyingi maneno hayo ni ya mkusanyaji, si ya mtengenezaji. Chukueni dhiil, chombo cha maziwa wanachosuka wanawake wa Kisomali. Mgeni aweza kuandika chini ya picha yake neno moja tu, "kikapu", akaridhika. Hajui kwamba chombo hicho hufukizwa kwa moshi wa kuni ili maziwa yadumu na yapate ladha. Harufu ya moshi ule haipigwi picha. Mjuzi wake hana shahada. Ni nyanya aliyeketi kivulini huko Mandera, nyuzi mkononi. Mkutano wa wataalamu usiompa yeye kiti hugawa mali ya watu wasioitwa, na wahenga walikwisha kusema: asiyekuwapo na lake halipo.

Basi tunadai mambo mawili. Kilichonyang'anywa kirudi kwa wenyewe. Na picha isitangazwe ila kwa idhini yao, pamoja na maelezo katika lugha yao.

Nanyi vijana wa Mandera, Wajir na Garissa, msikae mkingoja hisani. Waulizeni wazee wenu leo jina la kila chombo, kazi yake, na mkono uliokitengeneza, kisha yaandikeni. Siku mlango utakapofunguliwa kweli, yule atakayeingia bila maarifa ya kwao atakuwa mgeni mbele ya mali yake mwenyewe.