Chura wa Kihansi Ana Pa Kurudi, Simba wa Bustani Hana

Mwaka 2000 vyura 499 walisafirishwa kwa ndege kutoka Tanzania kwenda Marekani. Walikuwa na rangi ya dhahabu, na mkubwa wao hakufikia sentimeta tatu. Dunia nzima hawakuwa na makazi mengine isipokuwa eneo la hekta mbili hivi chini ya maporomoko ya mto Kihansi, katika milima ya Udzungwa, ambako rasharasha za maji zililowesha majani usiku na mchana. Wanasayansi waliwagundua mwaka 1996, wakati mradi wa umeme wa Kihansi wa megawati 180 ulikuwa tayari umeshika kasi. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, karibu asilimia 90 ya maporomoko yalitoweka na bonde likaanza kukauka. Vikafungwa vinyunyizio vya kuiga rasharasha zilizokatika. Kisha mwaka 2003 ukuvu unaoshambulia ngozi za vyura sehemu nyingi duniani ukagundulika bondeni, na vyura waliokuwa wakihesabiwa kwa maelfu wakabaki wa kuhesabu kwa vidole. Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, likatangaza kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini. Waliosalia walikuwa kwenye masanduku ya vioo katika bustani mbili za wanyama, ya Bronx mjini New York na ya Toledo katika jimbo la Ohio.

Mjadala wa kama ni haki kuwafunga wanyamapori kwenye bustani unapaswa kuanzia kwa vyura hawa, kwa sababu ndio kesi ngumu kuliko zote kwa mtu anayetaka bustani hizo zifungwe. Bila Bronx na Toledo, kiumbe huyu angekuwa picha kitabuni. Huko ugenini nao walikufa wengi, mpaka kukawa na hofu kwamba hata hao wachache wataisha, lakini watunzaji walijifunza taratibu mwanga gani, unyevu gani na wadudu gani wanawafaa, na idadi ikapanda tena hadi maelfu. Mwaka 2010 vyura 100 wakarejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 2012 wengine kwa maelfu wakaachiwa katika bonde la Kihansi. Kazi haijaisha. Ukuvu bado ni tishio, na bonde linategemea vinyunyizio vya binadamu. Lakini tangu siku ya kwanza lengo lilikuwa wazi: wanaondolewa ili warudi.

Hapo ndipo ninapoona mpaka wa haki. Kumfunga mnyama asiye na kosa ni jambo zito, na anayelifanya ndiye mwenye jukumu la kujieleza. Maelezo ninayoweza kuyakubali ni kwamba mnyama yuko pale kwa sababu kizazi chake kiko hatarini, kwamba mwili na tabia yake vinaweza kustahimili kifungo bila mateso, na kwamba ipo njia iliyopangwa ya kumrudisha yeye au uzao wake porini. Chura wa Kihansi anatimiza yote matatu. Ukipita mbele ya mabanda yanayojaza watu katika bustani nyingi za dunia, ya tembo, simba, dubu na twiga, utaona ni nadra hata mmoja wao kutimiza mawili.

Tuanze na mateso, maana mtetezi wa bustani husema kwamba mnyama wa bustanini anakula kila siku, anatibiwa na daktari, na hakuna mtego wala ukame wa kumuua. Kwa baadhi ya wanyama hoja hii ni kweli, na haifai kuibeza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliolinganisha mamalia wa aina karibu 60, ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya aina hizo huishi muda mrefu zaidi bustanini kuliko porini, hasa wale wadogo wenye maisha mafupi ambao porini huliwa mapema. Tembo ni habari nyingine. Mwaka 2008 jarida la Science lilichapisha utafiti uliolinganisha tembo majike wa bustani za Ulaya na wenzao wa Amboseli, Kenya. Nusu ya tembo wa Afrika waliozaliwa bustanini hawakufikisha miaka 17. Amboseli, kwa tembo waliokufa kwa sababu za asili, nusu yao walifikia miaka 56, na hata walipojumuishwa waliouawa na binadamu, nusu bado walifikia karibu miaka 36. Yaani tembo anayeishi jirani na mikuki, risasi na ukame wa Amboseli alikuwa na matumaini ya kuishi mara mbili ya yule aliyehudumiwa na daktari wake mwenyewe. Wenye bustani hujibu kwamba takwimu hizo zinachanganya miaka ya zamani na ya sasa, na kwamba malezi yameboreshwa. Ni kweli mabanda mengi ya leo si ya saruji tupu kama ya zamani. Lakini hakuna banda linaloweza kumpa tembo kilomita anazotembea kwa siku, wala ukoo wa bibi, mama na shangazi unaomfundisha wapi pa kuchimba maji mto unapokauka.

Kwa wanyama wala nyama sababu inafanana. Mwaka 2003 watafiti walewale wawili walioshiriki uchunguzi wa tembo, Ros Clubb na Georgia Mason, walionyesha kwamba kadiri eneo la kuzurura la mnyama huyo porini linavyokuwa kubwa, ndivyo anavyosumbuka zaidi akifungwa: anakwenda na kurudi bila kukoma, na watoto wake hufa kwa wingi zaidi. Mtu yeyote akisimama muda wa kutosha mbele ya banda ataona dalili hiyo. Simba anafuata ukuta mpaka kona, anageuka kwa mguu uleule, anarudi mpaka kona ya pili, anageuka tena, na pale anapopita udongo umechimbika kijia kisichoota jani. Wageni husema simba anafanya mazoezi. Porini simba hulala sehemu kubwa ya siku, na akitembea ana anakokwenda.

Wanyama hawa hawakuchaguliwa kwa sababu wanahimili kifungo. Wamechaguliwa kwa sababu watu hulipa kiingilio kuwaona. Chura wa sentimeta tatu aliyejificha chini ya jani hajazi geti siku ya Idd wala ya Krismasi, lakini simba anajaza. Kwa hiyo wanaofaa kuokolewa kwa kufungwa, yaani vyura, konokono, samaki wa maziwa na ndege wadogo wa visiwani, ndio wasioleta fedha, na wanaoleta fedha ndio wanaoumizwa zaidi na kifungo. Bustani nzuri huchukua fedha ya simba ikamhudumia chura, na wakubwa wa bustani hizo husema hivyo waziwazi. Nauliza tu: ni haki kumtesa kiumbe mmoja maisha yake yote ili kumlipia mwingine, wakati ipo misaada, ipo ruzuku ya serikali, na ipo mikataba ya kuwatoza wajenzi wa mabwawa gharama ya wanachokiharibu? Kihansi kwenyewe, fedha za mradi wa umeme ndizo zilizopaswa kuwa za kwanza kumwokoa chura.

Bustani hiyohiyo ya Bronx inatuonyesha haki ya kutazama inaweza kufika wapi isipowekewa mpaka. Mwaka 1906 iliweka ndani ya nyumba ya nyani kijana wa Kiafrika kutoka Kongo, Ota Benga, na maelfu ya watu wakafika kumtazama. Wachungaji weusi wa New York walipinga mpaka akaondolewa, lakini taasisi inayoiendesha bustani hiyo ilikuja kuomba radhi hadharani mwaka 2020 tu. Sisemi kwamba binadamu na mnyama ni kitu kimoja. Ninachosema ni kwamba waliomweka pale walijitetea kwa maneno yaleyale tunayoyasikia leo, kwamba umma unaelimishwa na kwamba sayansi inanufaika. Maneno hayo hayatoshi kumhalalishia mtu kifungo cha kiumbe mwingine. Na historia hiyohiyo inaonyesha kwamba taasisi inaweza kubadili kazi yake, kwani bustani iliyofanya aibu ile ndiyo iliyokuja kumlea chura wetu.

Hoja ya elimu, hata hivyo, inahitaji jibu kamili, hasa kwetu. Watanzania na Wakenya wengi hawajawahi kuingia hifadhini. Watalii wanatoka Ulaya kumwona simba wa Serengeti, na mtoto wa Tandale, jijini Dar es Salaam, hajamwona. Mzazi anayempeleka mwanawe kwenye bustani ya karibu na jiji hana kosa lolote. Lakini tupime mtoto anachojifunza pale. Anaona ukubwa wa simba na rangi yake. Haoni namna simba anavyoishi na wenzake wala anavyowinda, na somo analoondoka nalo ni kwamba mahali pa simba ni nyuma ya wavu. Jibu la tatizo la mtoto wa Tandale ni kumfikisha kwa mnyama, na katika nchi zetu hilo si ndoto. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa inakatiza Hifadhi ya Mikumi, na abiria wa basi huona twiga na tembo dirishani bila kulipa hata senti. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, iko kilomita chache tu kutoka katikati ya jiji. Kisiwa cha Saanane, Mwanza, kilianza mwaka 1964 kama bustani ya kwanza ya wanyama nchini Tanzania, na leo ni Hifadhi ya Taifa ambamo swala na pimbi wanatembea huru huku mji ukionekana ng'ambo ya maji. Fedha ya kujenga banda jipya la simba inaweza kununua mabasi ya kupeleka shule nyingi Mikumi.

Ipo pia hoja ya yatima na majeruhi. Kituo cha wanyama yatima cha Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 1964, kituo cha elimu ya wanyamapori cha Entebbe, na kisiwa cha Ngamba katika Ziwa Victoria kinacholea sokwe tangu mwaka 1998, vyote vinahifadhi wanyama ambao wengi wao hawawezi tena kujitegemea. Sina ugomvi navyo. Sokwe aliyenyang'anywa mama yake na wawindaji ana deni analotudai, na kumpa hifadhi ni kulilipa. Kituo cha namna hiyo hakimtafuti mnyama mwingine wa kujaza nafasi, na kikikosa yatima ni heri.

Mtetezi atasema pia kwamba kufuga vizazi bustanini ni akiba ya kesho. Akiba hiyo ni ya kweli pale tu penye pa kuirudishia. Februari 2014 bustani ya Copenhagen nchini Denmark ilimuua Marius, twiga dume mchanga mwenye afya, kwa maelezo kwamba damu ya ukoo wake ilikuwa imejaa katika mpango wa uzalishaji wa Ulaya. Alipasuliwa mbele ya umma, na simba wakapewa nyama. Wengi waliudhiwa na upasuaji. Kwangu jambo zito zaidi lilikuwa kuzaliwa kwake, maana alizalishwa katika mpango usiokuwa na safari ya kurudi Afrika, na alipozidi hesabu hapakuwa na pori la kumpeleka. Faru mweupe wa kaskazini naye anatufundisha. Dume aliyeitwa Sudan, aliyekamatwa akiwa mtoto mwaka 1975, aliishi zaidi ya miongo mitatu katika bustani ya Dvůr Králové, Ucheki, kabla ya kuletwa hifadhi ya Ol Pejeta nchini Kenya mwaka 2009 pamoja na wenzake watatu. Walikuwa wamechelewa. Sudan alikufa Machi 2018, wakabaki majike wawili. Wakati bustani zikiwatunza, ndugu zao wa porini, waliobakia hifadhi ya Garamba nchini Kongo, walimalizwa na majangili. Kufungwa kwao kumewaachia wanasayansi chembe za kujaribia maabara, lakini hakukulinda hata ekari moja ya Garamba.

Haya yote yanatuhusu moja kwa moja, kwa sababu nchi zetu ndizo zinakotolewa wanyama. Novemba 2010 wanyama hai zaidi ya 100, wakiwemo twiga, walitoroshwa kupitia Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro kwenda Qatar. Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ilisitisha usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi, na mwaka 2022 ilipotaka kuufungua kwa muda, wananchi walipaza sauti na uamuzi ukasimamishwa mara moja. Mwaka 2019, huko Geneva, nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, zilibana usafirishaji wa tembo wa Afrika waliotolewa porini kwenda kwenye bustani za mbali. Sasa watu binafsi wanahamasishwa kufungua bustani na mashamba ya wanyamapori humu ndani, na zuio la usafirishaji haliwagusi hao.

Wizara ya Maliasili na Utalii iandike masharti matatu katika kila kibali cha bustani: hakuna kumtoa porini tembo, simba, chui, duma wala twiga kwa ajili ya maonyesho, hakuna kuzalisha wanyama wasio na mpango wa kurejeshwa, na zuio la mwaka 2016 libaki, isipokuwa kwa viumbe walio katika hatari kama ile ya chura wa Kihansi, tena kwa mkataba unaotaja mahali pa kurudishwa na nani atalipia. Wabunge waudai mkataba huo mezani kabla ndege haijaruka.