Mtaala umebadili nadharia, darasa bado ni lile lile

MNAMO Januari 2026, kundi la kwanza la wanafunzi wa Mtaala wa Umilisi, CBC, lilijiunga na Gredi ya 10 katika shule za sekondari pevu. Hao ndio waliokuwa Gredi ya Tatu mtaala huo ulipoanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019.

Mjadala uliowaandama miaka hiyo yote umehusu zaidi madarasa, karo na upungufu wa walimu. Ni nadra kusikika swali lililo kiini cha mageuzi yenyewe: mtoto hujifunza vipi?

Swali hilo si la wahadhiri wa vyuo vikuu peke yao. Jibu lake ndilo linaloamua mwalimu afanye nini kengele inapolia. Ndilo pia linaloamua, ingawa hilo halisemwi sana, ni nani atakayebeba gharama ya somo.

Wasomi wametoa majibu mengi, lakini matatu ndiyo yenye uzito mkubwa katika shule za Kenya.

Jibu la kwanza ni la wanadharia wa tabia. Ivan Pavlov wa Urusi alionyesha kwamba mbwa anaweza kuzoeshwa kudondokwa na mate kwa kusikia mlio tu, hata pasipo chakula. Mmarekani B. F. Skinner, aliyeishi kati ya 1904 na 1990, aliipanua hoja hiyo. Alishikilia kwamba kitendo kinachofuatwa na tuzo hurudiwa, na kisichofuatwa na chochote hufifia.

Kwa mwalimu, maana yake ni kuligawa somo katika vipande vidogo, kurudia, kusahihisha papo hapo na kusifu. Jedwali la kuzidisha linaloimbwa darasani na alama ya vema katika daftari ni matunda ya fikra hiyo.

Wapo wanaodhani kwamba fimbo nayo ni tunda lake. La hasha. Skinner mwenyewe aliipinga adhabu, akisema kwamba huzima tabia mbaya kwa muda bila kumfunza mtoto iliyo bora. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001.

Jibu la pili lilitoka kwa Jean Piaget wa Uswisi (1896-1980). Kwake, mtoto si mtungi mtupu unaosubiri kujazwa. Huunda maarifa yake mwenyewe kwa kushika, kujaribu na kukosea, na akili yake hupitia hatua zinazofuatana.

Piaget aligundua kwamba watoto wa miaka minne au mitano wakiona maji yakimiminwa kutoka bilauri pana hadi bilauri nyembamba, wengi husema maji yameongezeka. Hawakosi werevu. Hawajafika tu katika hatua ya kuelewa kwamba umbo linaweza kubadilika na kiasi kikabaki kile kile.

Jibu la tatu ni la Lev Vygotsky wa Muungano wa Kisovieti, aliyezaliwa mwaka mmoja na Piaget lakini akafariki mapema, mwaka 1934. Yeye alisema kwamba kati ya yale mtoto ayawezayo peke yake na yale asiyoyaweza kabisa, kuna ukanda wa yale awezayo akisaidiwa na mtu anayemzidi ujuzi. Humo ndimo mafunzo yanamotendeka.

Mwaka 1976, Jerome Bruner na wenzake waliufananisha msaada huo na jukwaa la fundi mwashi. Jengo likisimama, jukwaa huondolewa.

Tofauti za majibu hayo huonekana wazi katika somo moja, kwa mfano eneo la mstatili. Mwalimu anayemfuata Skinner ataandika ubaoni kwamba eneo ni urefu mara upana, atatoa mifano miwili, kisha maswali 10 ya zoezi. Dakika 35 zitamtosha.

Anayemfuata Piaget atawapa wanafunzi vipande vya kadi vya mraba, wavipange juu ya dawati hadi lifunikwe, kisha wahesabu. Kanuni watajitungia wenyewe.

Anayemfuata Vygotsky atawaweka katika makundi, awape swali la fundi anayetaka kujua vigae vingapi vitatosha sakafu ya chumba, kisha apite akiuliza maswali ya kuwaelekeza.

Mtaala wa Umilisi umeegemea pande hizi mbili za mwisho. Mwongozo uliotolewa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, mwaka 2017 unawataja Piaget, Vygotsky na Bruner, pamoja na John Dewey wa Marekani aliyehimiza kujifunza kwa kutenda.

Kinadharia, uamuzi huo una mashiko. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulilaumiwa kwa kulea kasuku wa kukariri, na mtihani wa KCPE, uliofanywa mara ya mwisho 2023, uliwahukumu watoto kwa siku chache tu za mwaka wa nane.

Hata hivyo, kila nadharia huja na masharti yake. Ya Skinner ni nafuu: ubao, chaki na daftari. Ile ya Vygotsky huhitaji mtu anayemzidi mtoto ujuzi, awe karibu naye, ajue amekwama wapi.

Chukua darasa la wanafunzi 60. Mwalimu akimtengea kila mmoja nusu dakika, nusu saa imekwisha. Katika kipindi cha dakika 35 hubakiwa na dakika tano za kufundisha.

Tatizo la msongamano lina historia. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika mwaka mmoja. Ulikuwa ushindi kwa watoto wa maskini, lakini walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo.

Basi ni nani huchukua nafasi ya mwalimu asiyeweza kuwafikia wote? Ni mzazi. Kazi isiyokamilika darasani hufuata mtoto nyumbani, pamoja na orodha ya vifaa vya kununua na picha za kuchapisha. Mwaka 2021 malalamishi ya wazazi yalienea kiasi kwamba kesi ya kuupinga mtaala iliwasilishwa katika Mahakama Kuu.

Malalamishi hayo yalichukuliwa na wengine kuwa uvivu wa wazazi. Ukweli ni kwamba mtoto wa mhasibu jijini Nairobi hurudi nyumbani akamkuta anayemzidi ujuzi, simu na intaneti. Mtoto wa mfugaji Turkana au mvuvi Lamu huenda akamkuta mzazi mwenye hekima tele, lakini asiyewahi kuliona swali la aina hiyo.

Kwa hivyo, nadharia iliyokusudiwa kumkomboa kila mtoto inaweza kuwapanua mwanya walio nacho na wasio nacho. Gharama isipolipwa na serikali hulipwa na nyumba, na nyumba hazilingani.

Mtihani nao haujaachia usukani. Katika alama za kuingilia sekondari pevu, tathmini ya Gredi ya Sita huchangia asilimia 20, zile za Gredi ya Saba na Nane asilimia 20, na mtihani wa KJSEA wa Gredi ya Tisa asilimia 60. Ni nafuu kuliko enzi za KCPE, lakini mwalimu anayejua kwamba zaidi ya nusu ya alama hutoka katika karatasi ya mwisho atarudia tu mazoezi ya karatasi hiyo.

Kenya imewahi kupita njia hii. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960 kulikuwa na mpango ulioitwa New Primary Approach, uliosisitiza shughuli za watoto darasani badala ya kukariri. Ulianza vyema katika shule chache zenye walimu walioandaliwa na vifaa vya kutosha. Uliposambazwa haraka kwa shule nyingi bila hayo, ulififia.

Kosa halikuwa la nadharia. Lilikuwa la kuichukua nadharia na kuyaacha masharti yake.

Upo pia ushahidi kwamba si lazima kuchagua upande mmoja. Mpango wa kusoma wa Tusome, ulioenezwa kitaifa kuanzia 2015, ulimpa kila mtoto kitabu, mwalimu mwongozo wa kila siku, na maafisa wa elimu kazi ya kutembelea madarasa na kushauri. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi: mwalimu anatenda, kisha anatenda pamoja na darasa, kisha mtoto anatenda peke yake.

Humo mna marudio ya Skinner na jukwaa la Bruner kwa pamoja. Tathmini zilionyesha kwamba usomaji wa watoto uliimarika.

Aidha, utafiti uliofanywa katika shule 121 za magharibi mwa Kenya kuanzia 2005 ulipima jambo jingine. Shule zilizopata mwalimu wa ziada ziliigawa Darasa la Kwanza mara mbili. Pale watoto walipogawanywa kulingana na kiwango chao, waliokuwa mbele na waliokuwa nyuma walifanya vyema zaidi kuliko pale walipogawanywa ovyo. Mwalimu aliweza kuanzia pale mtoto alipo, jambo ambalo Vygotsky angelikubali bila kusita.

Mafunzo kwa watunga sera hayana utata. Stadi za mwanzo, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, zifundishwe waziwazi na kwa marudio, maana mtoto hawezi kuvumbua herufi. Dhana zianze kwa vitu vya kushika, hata kama ni mbegu za mahindi na vifuniko vya chupa. Miradi ya makundi ije baada ya msingi kuwekwa, na ikamilike shuleni, mbele ya mwalimu.

Walimu nao wapewe mafunzo yanayoendelea badala ya semina za siku chache. Mwalimu aliyefundishwa kwa kukariri, kisha akaajiriwa kufundisha kwa kukariri, hawezi kugeuka kwa kusomewa waraka.

Juu ya yote, kila agizo jipya litokalo wizarani liambatane na hesabu ya dakika, vifaa na idadi ya watoto. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa anayeandika mtaala ofisini, kazi ya ziada ya nyumbani ni mstari mmoja tu katika waraka. Kwa mama asiyejua kusoma, aliyeketi na mwanawe kando ya koroboi saa tatu usiku, mstari huo ni mzito kuliko gunia la chumvi.